Wageni Mia Nne wa Baba Tahani

Mimi ndiye yule wa ile video. Naomba tuanze hapo, usije ukanikatisha katikati ya habari ukisema huyu mtu nimemwona wapi. Ni mimi, Tajudini, Baba Hayat, muuza taa na vioo vya magari hapa Buyenzi, ninayetembea polepole ndani ya koti la harusi huku napangusa taa ya gari kama napangusa mtoto mchanga. Cheka umalize. Nitasubiri.

Umemaliza? Haya. Ile video ilitazamwa na watu elfu kumi na nane, na ilinipotezea rafiki, na rafiki mwenyewe nilikuwa naye mmoja tu. Wengine wote ni watu tunaojuana. Anaitwa Hamoud, Baba Tahani, na duka lake liko ng'ambo ya barabara, hatua kumi na moja kutoka mlangoni kwangu. Najua ni kumi na moja kwa sababu kuna wiki tano nzima nilizitazama kila siku nisiweze kuzitembea.

Elewa kwanza kazi yetu inavyokwenda. Buyenzi hakuna duka la vipuri, au piesi kama tunavyoziita hapa, lenye kila kitu, na anayesema analo anakudanganya. Mimi nina taa na vioo. Hamoud ana breki, beringi na filta. Moubarak, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ana rejeta, na anaziongelesha anapozitengeneza. Sasa mteja akija kwangu anatafuta breki, simwambii sina. Namwambia, "Iko, ngoja kidogo," namkalisha, natokea mlango wa nyuma, nazunguka, navuka barabara, naingia kwa Hamoud bila hodi na kuchukua breki rafuni. Narudi naipangusa kama nimeitoa stoo. Mteja anajua. Mimi najua kwamba anajua. Hamoud akiniona nimeingia anataja tu namba ya rafu na kuendelea na kahawa yake. Jioni tunapatana. Kila duka la mtaa huu linaishi ndani ya duka la mwenzake, na tumezeeka hivyo.

Hamoud mwenyewe ni mtu wa asili ya Oman. Babu yake ndiye aliyefungua duka lile, likiuza vitambaa. Lakini Hamoud ukimpeleka Muscat kumtembelea binti yake Tahani, siku ya tatu anaumwa kichwa, ya nne anaulizia ndege ya kurudi. Kwa miaka ishirini na miwili, kila alasiri, yeye na mimi tumekunywa kahawa tukibishana kati ya Carina na Corolla ipi ni gari. Mimi ni wa Carina. Yeye ni wa Corolla, kwa kuwa ni mbishi. Hakuna aliyewahi kushinda, na hakuna aliyetaka kushinda, maana alasiri zingeisha.

Kilichoniingiza mkenge ni wivu. Binti yangu Hayat alinionyesha simuni duka moja la mjini ambalo mwenyewe hajui tofauti ya taa na tochi, lakini ana wafuasi, ana mioyo myekundu chini ya kila picha, ana watu wanaomwita "legend". Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikamtafuta Christa.

Christa anatoka Mutanga Nord, mtaa wa wenye nazo, ni mtaalamu wa maudhui ya mtandaoni, na alipofika dukani kwangu na taa yake ya duara aliyotundika juu ya miguu mitatu, alitazama rafu zangu kama daktari anayetazama kidonda. Akaniambia nianze. Nikavaa koti, nikasimama, nikasema, "Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, habari za asubuhi ndugu zangu wa Buyenzi, wa Nyakabiga, wa kote, hamjambo nyumbani, watoto hawajambo, wazee..."

"Coupez! Kata!" alisema Christa. "Papa, salamu zinakula sekunde."

"Salamu?"

"Mutu ako na kidole. Ukifika kwa wabarakatuh yeye amekwenda zamani, anaangalia mbuzi anacheza."

Basi salamu zikaondolewa. Kisha nikakatazwa kuongea. Kisha nikakatazwa kucheka, kwa sababu ya jino langu bovu la mbele. Nikabaki natembea na kupangusa, natembea na kupangusa, mara sitini na moja. Halafu Christa akasema rafu zina nafasi tupu, zinaonekana maskini, nijaze.

Kosa langu lilizaliwa hapo. Nilivuka barabara kama siku zote, nikachukua breki za Hamoud, beringi zake, filta zake. Nikachukua rejeta nne za Moubarak. Wakaniuliza kuna nini, nikasema nina mteja mkubwa. Uongo mtupu. Hamoud alifurahi kuliko mimi. Alipanda juu ya kiti, akashusha kutoka rafu ya juu kabisa boksi ambalo sijawahi kumwona akimshikisha mtu: taa ya Peugeot 404, mpya, ya marehemu baba yake, ambayo hakuwahi kuiuza.

"Weka hii mbele, Baba Hayat," alisema. "Mteja ajue ako kwa watu."

Nami nikaiweka mbele. Ndiyo ile ninayoipangusa.

Video ilitoka Ijumaa baada ya sala, sekunde ishirini na tisa. Niliitazama mara arobaini. Christa alikuwa amenifuta mikunjo yote usoni, nikafanana na mdogo wangu, na sina mdogo. Mwisho wa video yalitokea maandishi ya dhahabu: TAJUDINI PIESI. KILA KITU CHINI YA PAA MOJA. USIHANGAIKE KWA WENGINE. Wallahi sikuyasoma. Mara arobaini, na sikuyasoma, kwa sababu nilikuwa natazama uso wangu.

Mtaa mzima ulisoma.

Alasiri ile Hamoud alivuka barabara. Nikampangia kikombe chake. Hakukaa. Alichukua boksi la taa ya baba yake, akalipuliza vumbi ambalo halikuwepo, akasema, "Merci, monsieur."

Miaka ishirini na miwili ananiita Baba Hayat, na siku za ubishi ananiita punda. Hajawahi kuniita monsieur. Monsieur ni mtu wa kodi.

Wateja nao walianza kuja, maana watu elfu kumi na nane si mchezo. Alikuja mama mmoja anaitwa Olga, ametembea kwa miguu kutoka Nyakabiga, karatasi mkononi: breki za Carina, filta ya hewa, rejeta. Nikasema kwa mazoea, "Iko, ngoja kidogo," nikatokea mlango wa nyuma. Nikaenda kwanza kwa Moubarak.

"Rejeta ya Carina," nikasema.

"Kila kitu si iko chini ya paa yako?" akajibu Moubarak bila kuinua kichwa. "Angalia vizuri. Labda imepanda juu ya paa."

Kwa Hamoud ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa alinipokea vizuri. Aliniletea kiti kisafi, akafuta kiti ambacho tayari kilikuwa kisafi, akafumbata mikono. "Monsieur anatafuta piesi gani?" Nikashindwa kusema breki, nikashindwa kusema nisamehe, nikasema napita tu. Nilizunguka mtaa mzima mara tano nikirudi mikono mitupu, na kila nikirudi nilimpa Olga chai. Baada ya saa mbili alikuwa na vikombe vitano vya chai tumboni na hana hata skrubu. Akainuka, akavuka barabara, akapata breki kwa Hamoud. Nilimwona akicheka huko.

Unafikiri nilifanya nini? Mtu mwenye akili angekwenda kuomba msamaha. Mimi nilimwita Christa tena.

Alinitengenezea video ya msamaha. Rangi nyeusi na nyeupe, mimi nimekaa dirishani natazama nje, chozi moja linateremka taratibu shavuni. Chozi lilikuwa la kitunguu. Huko nje nilikotazama kulikuwa na gari bovu la Moubarak, lakini Christa akalifuta, akaweka mawingu. Mwisho: PARDON, MON FRÈRE, nisamehe ndugu yangu. Nikamtumia Hamoud kwenye WhatsApp, nikaketi na simu mapajani nikisubiri. Nilimwona ng'ambo ya barabara akivaa miwani, akitazama, akivua miwani. Simu ikalia.

Alikuwa amenitumia dole gumba.

Mke wangu Khadidja aliposikia, aliweka mwiko chini. "Hii barabara iko hatua kumi na moja," alisema. "Weye unapita kwa satelaiti?"

"Nikienda ananiita monsieur."

"Na akuite! Unamtumia mutu kitunguu?"

Alasiri zikaendelea kuja, kwa kuwa alasiri hazijali. Yeye alikunywa kahawa yake akiwa ameelekea ukutani. Mimi nilikunywa yangu nikiwa nimeelekea mgongo wake. Nilikuwa na huzuni, sikufichi. Nilikuwa nimemzoea mtu yule kuliko nilivyoizoea sauti yangu, na sikujua tena nibishane na nani.

Ikafika Jumanne moja, saa mbili asubuhi. Tahani alikuwa amemtumia baba yake simu mpya kutoka Muscat, na Hamoud alitaka kumpigia aonane naye uso kwa uso. Akabonyeza pasipofaa. Badala ya kumpigia binti yake, alifungua laivu, dunia nzima ikamwona.

Uso wake ulikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa ndevu na dari. Juu ya kioo cha simu yakaanza kupanda majina ya watu wanaoingia, naye, masikini ya Mungu, akadhani ni wageni waliomtembelea Tahani.

"Eh, Tahani, nyumba imejaa!" alisema, nikamsikia hadi kwangu. "Trésor ameingia. Karibu, Trésor. Weye mutoto wa nani?"

Trésor alikuwa dereva wa teksi, yuko kwenye foleni ya mafuta tangu jana yake, hana la kufanya. Akaandika kwamba ni mtoto wa Mariamu wa Jabe. Hamoud akapiga paja. Mariamu yule aliyeuza mandazi karibu na soko? Yule! Hajambo? Magoti yake? Na Trésor akaandika habari za magoti ya mama yake, na watu wengine walio kwenye foleni ile ile wakaingia kusikia magoti yamefikia wapi.

"Elysée ameingia. Karibu, Elysée. Mutoto wa nani?"

Elysée alikuwa mtoto wa fundi viatu marehemu wa Nyakabiga. "Baba yako alinishonea kiatu ya harusi!" alipaza sauti Hamoud. "Ya kulia ilinibana mpaka leo! Mungu amurehemu." Akavua kandambili, akainua mguu hadi kwenye simu kuonyesha kidole. Christa angezimia. Watu hamsini walikitazama kidole kile na hakuna aliyeondoka.

Na Christa mwenyewe akaingia. Aliandika, "Papa, mwanga ni mbaya, geukia dirishani." Hamoud akasoma polepole, akasema, "Christa, karibu. Mwanga ni ya Mungu. Weye mutoto wa nani?" Ikawa bibi yake Christa alikuwa mteja wa vitambaa wa babu yake Hamoud. Christa alikaa mle mpaka mwisho. Niliona jina lake halitoki.

Tahani akaandika kutoka Muscat, kwa herufi kubwa, "BABA, FUNGA!" Hamoud akasoma, akakasirika.

"Nifunge? Wageni wako ndani, mi nifunge? Nani alikufundisha adabu hiyo?"

Na hilo ndilo lililomfunga yeye mwenyewe. Kwetu hapa mgeni haondoki hivi hivi. Anaomba njia. Anasema, "Naomba njia," mwenyeji anamwambia bado, kaa kidogo, mgeni anakaa kidogo, anaomba tena, anakataliwa tena, na mara ya tatu ndipo anasindikizwa. Sasa wale wa kwenye simu walikuwa watoto wa watu. Wakaanza kuandika, mmoja mmoja: "Mzee, naomba njia." Na Hamoud kwa kila mmoja: "Njia gani? Umeingia sasa hivi! Kaa!" Wakakaa. Wengine wakaingia. Hakuna aliyetoka. Saa nne walikuwa mia mbili, saa nne na nusu mia tatu.

Halafu kulikuwa na suala la kahawa. Mgeni hakai bila kinywaji. Hamoud alikuwa na chupa mbili kubwa za chai zilizojaa kahawa pembeni, na kwa kila jina lililoingia alimimina funda dogo kikombeni, akakisogeza mbele ya simu, akasema karibu. Mgeni hakunywa, kwa kuwa mwenyewe alikuwa kwake, mbali huko Kinama. Kumwaga kahawa ya mgeni ni aibu. Basi akainywa yeye, kwa niaba yake. Akamimina ya mwingine.

Alikuwa anauza pia, bila kujua kwamba anauza. Trésor alipouliza kuhusu beringi ya gurudumu la mbele, Hamoud akamjibu, "Mi niko nayo, lakini ile ya duka ya pili kutoka musikiti ni mupya zaidi, enda kule, sema nimekutuma." Mtu akisema mama yake mgonjwa, kazi yote ilisimama, kila mtu akaambiwa aombe kwa dini yake, na mia tatu wakaandika amina.

Nilikuwa natazama yote hayo nyuma ya kaunta yangu, nikichungulia simu ya mteja mmoja, yangu mkononi, taa ya duara aliyoniachia Christa juu ya kichwa changu. Nikajiambia, nami ni mtu, nitaingia, hawezi kunifukuza mbele ya watu. Nikaingia. Nikasahau kwamba kwenye simu jina langu ni lile alilonipa Christa.

Hamoud akasoma. "Tajudini Piesi Officiel ameingia." Akarekebisha miwani. "Bonjour, monsieur Officiel."

Basi. Akaenda kwa jina linalofuata. Danielle, karibu, weye mutoto wa nani?

Hakunimiminia kikombe. Watu mia tatu na zaidi, kutoka Kamenge hadi Canada, kila mmoja aliulizwa mtoto wa nani, isipokuwa mimi. Nililaza simu kifudifudi juu ya kaunta. Nilitaka kulia na nilitaka kumtupia mtu kioo cha Carina. Sikufanya lolote. Nilipangusa taa, kwa mazoea.

Saa tano kasoro nikasikia vurugu nje. Hamoud alikuwa amesimama mlangoni kwake, simu mkono mmoja ameinyoosha mbele yake, na alikuwa anacheza. Ndivyo nilivyodhani. Mguu huu, mguu ule, mguu huu. Magoti yamebanana. Uso umekuwa rangi ya majivu. Nikamhesabia vikombe haraka haraka na nikaelewa.

Mtu wa miaka sitini na sita. Kahawa ya watu mia nne.

Na hakuweza kwenda. Mkewe Miza alikuwa Kigoma kwa dada yake. Kumwambia mgeni naenda chooni, mtu wa malezi yake hawezi, na kumwacha mgeni peke yake hawezi zaidi. Ukitoka, unawaachia wageni mtu wa nyumbani. Humwachii mpita njia. Humwachii jirani tu. Mtu wa nyumbani, ili wajue nyumba haijaondoka.

Moubarak alikuwa amevuka kuja kutazama, amesimama pale pale kando ya mlango. Alikuwa hatua moja kutoka kwa Hamoud, mikono mitupu, na alivyo mwema akanyoosha mkono kabisa kupokea simu. Hamoud akampita. Akavuka barabara kwa vihatua vidogo vidogo, nadhani vilikuwa ishirini na tano badala ya kumi na moja, pikipiki ikamkwepa, akafika kaunta kwangu, akanikabidhi simu kifuani.

"Shika," alisema kwa meno yaliyobanana. "Kaa na wageni."

"Mi?"

"Unaona mwingine?"

Moubarak alikuwa anaonekana wazi, mkono bado hewani. Lakini Hamoud alishanipita, akasukuma mlango wangu wa nyuma bila hodi, kama tulivyozoea kuchukuliana breki, akapotelea uani.

Nikageuza simu. Mia nne na kumi na wawili walikuwa wananitazama. Nikaona uso wangu: mikunjo yote imerudi, grisi kwenye paji, jino. Mkono ukaenda wenyewe kuwasha taa ya duara. Nikauzuia.

"Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh," nikasema, na nikaendelea mpaka kwenye watoto na wazee, na hakuna aliyetoka. Wakajibu.

Kisha wakaanza. Mzee yuko wapi? Ameenda wapi? Nikasema ameitwa. Ameitwa na nani? Nikasema ni jambo la ghafla. Danielle akauliza kama ni msiba. Nikasema si msiba, ni jambo linalokwisha. Halafu Olga, yule yule wa karatasi, akaandika: "Huyu si yule wa Ngoja Kidogo? Nilikunywa chai tano!" Na mwingine: "Ni yule wa koti!" Na mwingine akaweka nyuso kumi zinazocheka mpaka machozi.

Ningeweza kufunga simu. Kidole kilikuwa karibu kabisa. Lakini walikuwa wageni, na mimi ndiye niliyeachiwa.

"Ndiyo, ni mimi," nikasema. "Na zile breki mulizoona si zangu, ni za Baba Tahani. Beringi ni zake. Zile rejeta ni za Moubarak. Taa niliyokuwa napangusa ni ya marehemu baba yake Hamoud, hajawahi kumupa mutu, akanipa mimi kwa sababu nilimudanganya niko na mteja mukubwa. Sikuwa na mteja. Nilitaka kuonekana tu. Chini ya paa yangu iko vioo na lile koti, na koti lenyewe linanibana."

Komenti zikasimama.

"Na filta?" ikauliza sauti.

Nikatazama skrini nimwone aliyeandika. Hakuna aliyeandika. Sauti ilitoka nyuma ya mabati, uani, kutoka chooni kwangu, ambacho kinatenganishwa na kaunta kwa bati moja lenye matundu ya misumari. Nilikuwa nimesahau.

"Umesahau filta," ilisema ile sauti.

"Na filta zilikuwa zake," nikawaambia wageni.

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili."

"Endelea, nakusikia."

Watu mia nne na kumi na wawili sasa walijua mzee yuko wapi. Aibu yote niliyomfichia ikaenda na maji. Trésor, kutoka kwenye foleni yake ya mafuta, akaandika: "Sasa yeye umemwambia haya?"

"Apana," nikasema.

"Mbona unatuambia sisi?"

Nikaliinamia lile bati. "Baba Tahani," nikasema, "nilikunywa kahawa peke yangu wiki tano na haishuki kooni. Nisamehe. Hii si ya kitunguu."

Maji yalimwagika ndani. Mlango ukalia. Hamoud akatoka anakausha mikono kwenye shati, amerudi rangi yake, akasimama upande wa pili wa kaunta. Hakuchukua simu. Alinitazama mimi.

"Taa haikuniuma," alisema. "Ungesema ni ya video, ningekupa. Ningekuja na mi, nisimame pembeni. Koti si na mi niko nayo? Haukuniita." Akaegemea kaunta. "Halafu ukaandika usihangaike kwa wengine. Miaka ishirini na mbili, sha. Mi ni wengine?"

Nilitikisa kichwa. Nilitikisa kwa nguvu hadi simu na wageni wote wakatikisika nami.

Hamoud akasogea, akabanana nami nyuma ya kaunta hadi nusu ya uso wake ikaonekana karibu na nusu ya uso wangu, na dari. Akasoma komenti kwa sauti. Danielle alikuwa anauliza: "Mzee, huyu bwana ni nani?"

"Huyu?" alisema Hamoud. Akanitazama kidogo, kama mtu anayetafuta namba ya rafu. "Huyu ni mujinga wa kwetu."

Akavuta kigoda akakaa. "Umewapa wageni kahawa?"

"Umekunywa yote."

"Donc pika ingine, Baba Hayat. Watu wako mia nne."

Nikaenda uani kupika. Machozi yalinitoka mpaka nikalazimika kujifuta kwa mkono wa shati, na Moubarak alipochungulia kuuliza kuna nini nikamwambia ni moshi, na mkaa nilikuwa bado hata sijauwasha.